Mke wa Ndani ya Kompyuta

Mzee Thadeus hakuwahi kukataa chai. Jumapili ile aliporudi kutoka Kiogoro aliketi kwenye benchi uani kwetu Sironga, mama akamsogezea kikombe, naye akakisukuma kando bila kukitazama. Nikajua mambo yameharibika.

Sisi ni Wasabato. Chai tunaipanda, tunaichuma, tunaibeba mgongoni hadi kituoni, ila hatuinywi. Lakini mama aliweka pakiti moja kabatini kwa ajili ya Mzee Thadeus peke yake, kwa sababu yeye ni Mkatoliki, na kwa sababu ndiye aliyekuwa esigani wetu. Esigani ni yule anayetumwa kwenda kuchunguza nyumba ambayo binti ataolewa. Anaangalia ukoo, anauliza majirani, na mwisho anamkalisha kijana mbele yake aone kama ni mtu au ni suruali tu. Baba yangu, Mzee Manasseh, ni mzee wa kanisa na angeweza kumtuma Msabato mwenzake. Alimchagua Thadeus kwa sababu Thadeus hakuwahi kumdanganya mtu, hata kuhusu ng'ombe.

"Sema," baba alimwambia.

"Nyumba ni safi. Ukoo hauna neno. Mama yake, Mokeira, ni mtu wa heshima, ametuchinjia kuku." Akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni nikijifanya nachambua maharagwe. "Lakini kiti cha kijana kilikuwa tupu."

"Tupu vipi?"

"Tupu, Manasseh. Mimi na ndugu zako wawili tumekaa pale kuanzia saa nne mpaka saa nane, tunaangalia kiti. Mama yake anasema kijana ameshikwa na malaria, amepelekwa hospitali ya Kisii."

"Watu huugua," nikasema.

"Huugua," Thadeus alikubali. "Ila nilipomuuliza Mokeira ni wodi gani, aliangalia chini."

Baba hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Nilisema tangu mwanzo. Amemaliza chuo cha ualimu miaka miwili sasa, na kila siku anangoja barua ya kazi. Binti yangu hataolewa na mtu anayengoja barua. Na sasa hata kungoja wageni kumemshinda. Jumatano, Thadeus, utarudi Kiogoro na jibu. Jibu ni hapana."

"Tata," nikamwambia baba, "nipe mpaka Jumanne jioni. Nikamwone mgonjwa kwa macho yangu."

"Msichana haendi kwa watu kabla hajaitwa."

"Siendi kwa watu. Naenda hospitalini. Na kuwatazama wagonjwa tumeamriwa na Bwana mwenyewe."

Mzee wa kanisa akasugua goti lake. Thadeus alikohoa kidogo, na naapa alikuwa anaficha kicheko.

Jina langu ni Nyanchera. Mwaka huo wa tisini na tisa nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa na kibanda changu cha kushona pale Keroka. Nusu ya watoto waliokuwa wakipita barabarani na sare zilizokaa sawasawa mabegani, mabega yale niliyapima mimi. Watu walisema nina maringo. Ni kweli. Sijaona ubaya wake. Nilikataa mwenye lori, nikakataa mwenye ng'ombe wa gredi, na nilimkubali Mogaka ndani ya siku moja tu, kwenye makambi ya kanisa ya Agosti miaka miwili iliyotangulia.

Alikuwa anaongoza kwaya. Mimi nilikuwa sauti ya pili, mstari wa tatu. Kabla hajainua mkono nilikuwa nimeshakiona kiatu chake cha kushoto: kilikuwa kimeshonwa pembeni kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyolingana. Mimi ni fundi, najua mshono wa duka na mshono wa mtu aliyejishonea mwenyewe kwa subira. Nikainua macho kutoka kwenye kiatu, nikakuta ananitazama. Akainua mkono kutuanzisha na akasahau kuushusha. Kwaya nzima ikashikilia sauti ile ya kwanza hewani, hatujui twende wapi, mpaka wazee wakaanza kugeuka. Yeye akatabasamu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimemaliza kuchagua.

Ndiyo maana Jumanne asubuhi niliamka, nikapika uji wa wimbi, nikaujaza kwenye flaski ya mama yenye maua mekundu, nikaenda Kisii.

Hospitalini sista alikuwa mwema. Alifungua daftari, akapitisha kidole. Mogaka walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mtoto mchanga, mmoja mzee asiye na jino, na wa tatu aliruhusiwa Alhamisi iliyopita, tena alikuwa amevunjika mguu. Nilizunguka wodi zote hata hivyo. Nilimwangalia kila mwanamume aliyejifunika blanketi, nikitumaini ni yeye. Fikiria hilo. Nilikuwa naomba mpenzi wangu awe mgonjwa.

Nilipotoka machozi yalikuwa karibu, na mimi silii barabarani. Nikaingia duka la vitambaa la Gopal, ambako nilikuwa nikinunua majora yangu kila mwezi. Nilijisemea nitazame kitambaa cha bluu, nipumue, nirudi nyumbani.

Meena, mke wa Gopal, alikuwa kwenye kaunta. Sisi wateja tulimwita Mama Nikita. Amezaliwa na kukulia Kisii, na Ekegusii chake ni kizuri kuliko cha vijana wetu wengi. Aliiona flaski kabla hajaniona uso.

"Moiseke one, msichana wangu, nani mgonjwa?"

"Mogaka wa Kiogoro. Yule mwalimu."

Akaweka mkasi chini. "Mwalimu wa kompyuta ya dirishani?"

"Kompyuta gani?"

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa akijua hakitoshi. Halafu akaanza kusema polepole. Nilijua kwamba nyuma ya duka, nyuma ya pazia la kijani, mumewe alikuwa ameweka kompyuta tatu za intaneti zinazopitia kwenye waya wa simu. Nilikuwa nimeuona ubao mlangoni. Sikujua kwamba Mogaka alikuwa na kiti chake mle.

"Anamfundisha Nikita wangu hesabu," Meena alisema. "Saa moja kila siku. Nikita alikuwa wa mwisho darasani, sasa ni wa nne. Hataki malipo, anataka tu kukaa kwa mashine. Mwanzo ilikuwa saa moja. Sasa anakuja nikifungua, anaondoka nikifunga. Jumamosi anakuja na Biblia, anaiweka juu ya mashine. Mimi si wa dini yenu, lakini najua nyinyi Jumamosi mnaenda wapi."

"Na juzi Jumapili?"

"Kutwa. Nilimpelekea chapati, nikamwambia kula. Akasema, 'Dakika kumi, Mama Nikita.' Dakika kumi zake zinajaza siku." Akashusha sauti. "Gopal anasema mteja ni mteja. Mimi ni mama. Ingia."

Nikaingia.

Chumba kilikuwa na joto, na mashine moja ilikuwa inapiga simu kwa ile kelele yake ya kukwaruza. Alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa amevaa shati nililomshonea mimi, lile la mistari myembamba, na kola ilikuwa imechafuka. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Krismasi. Mogaka alikuwa anacheka.

Wivu ulinipanda. Nikajua ni mwanamke. Nikasogea nyuma yake kimya na flaski yangu, nikasoma kwenye kioo cha kompyuta.

*Mwalimu_Mkuu: Leo mvua imetuchezea huku. Nyanchera ameanika wimbi na kuanua mara mbili.*

*Machogu: Hahaha! Msalimie mama. Mwambie huku kwetu ni theluji tu.*

*Mwalimu_Mkuu: Amesikia. Anasema urudi akupikie.*

*Machogu: Mwalimu ulimaliza vigae vya nyumba?*

*Mwalimu_Mkuu: Tulimaliza. Mke wangu alichagua vyekundu.*

Nilisoma mara ya pili, kisha mara ya tatu. Mwanamke alikuwepo kweli. Nilikuwa mimi.

"Mke wako ana bahati," nikasema.

Aligeuka kwa kishindo mpaka kiti kikalia. Macho yalikuwa mekundu, ndevu za siku nne. Alikuwa amekonda. Nikamwonea huruma na nikajikemea papo hapo.

"Nyanchera."

"Yupi? Yule wa vigae au huyu wa flaski?"

Mkono wake ulikimbilia swichi.

"Usizime. Sijamaliza kusoma habari za ndoa yangu."

Mkono ukarudi magotini. Nilivuta kiti cha kompyuta ya pili, nikakaa, nikaiweka flaski katikati yetu kando ya kibodi. Tulitazamana. Ningeweza kukuambia kwamba nilimchukia, ila ningekuwa mwongo, na siku ile waongo walikuwa wametosha.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Mama yako anasema una malaria."

"Mama alitaka kunisitiri."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee Thadeus ameangalia kiti chako kwa saa nne nzima, Mogaka. Kuku ameliwa mbele ya kiti."

"Nilikuja asubuhi mapema. Nilisema ni dakika kumi tu. Nilitaka kusikia neno zuri moja kabla sijaenda kukaa mbele yao. Unajua swali lao la kwanza lingekuwa nini?"

Nilijua.

"Bado?" Alilitamka kama mtu anayetema kokwa. "Nikienda mtoni, 'Mwalimu, bado?' Kanisani mlangoni, mkono wangu uko ndani ya mkono wa mtu, 'Bado?' Kinyozi ananishika kichwa, wembe uko shingoni, 'Bado?' Mama haulizi kwa mdomo, anauliza kwa macho akinipakulia ugali. Miaka miwili, Nyanchera. Na wewe pia."

"Mimi nimekuuliza lini?"

"Hujauliza. Ndiyo mbaya zaidi. Uliacha kabisa kutaja shule mbele yangu. Ulikuwa unashona sare mchana kutwa, na nikija unazifunika kwa shuka nisizione."

Hilo lilinipata. Nilikuwa nazifunika kweli. Nilidhani huo ndio upendo, kumfunikia mtu kinachomuumiza. Sikujua kwamba kila nikitandika ile shuka yeye alikuwa anasoma juu yake kwamba namwonea haya.

"Hapa hakuna anayeuliza," aliendelea, sauti imeshuka. "Hawa ni vijana wetu walio mbali, Amerika, Uingereza, wana hamu ya nyumbani. Nikiingia wanaandika wote, 'Mwalimu amefika!' Wote, Nyanchera. Mara ya mwisho mtu kufurahi kwa sababu nimeingia mahali ilikuwa lini?"

"Kila Jumapili uliyokuja, saa tisa, Keroka, kibandani kwangu."

Akashika kola ya lile shati.

"Nilikuwa nazijua hatua zako tangu kwenye duka la misumari. Mguu wangu ulikuwa unaacha kukanyaga cherehani wenyewe. Wateja walikuwa wananicheka." Uso uliniwaka, lakini nilikuwa nimeanza na nikamaliza. "Sikukwambia. Nilidhani unaona. Hayo ni maringo yangu, nayabeba mimi. Lakini usiseme hakuna aliyefurahi."

Kwenye kioo maandishi yaliendelea kupanda. *Mwalimu, uko? Mwalimu?* Niliona macho yake yakienda huko mara moja, haraka, kisha yakirudi kwangu yakiwa na aibu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimekaa mbele yake, mwili mzima, nywele nimesuka kwa ajili yake, na bado macho yalienda.

"Huwezi kuacha," nikasema.

"Nimejaribu. Wiki ya makambi mwaka huu nilijiahidi. Siku tatu nilikaa nyumbani. Siku ya nne nilitoka kununua chumvi na miguu ikanileta hapa. Nilikaa hapa mpaka jioni na chumvi sikununua." Akajifuta uso. "Si kwamba nafurahi. Nikiondoka najisikia mchafu. Halafu kwa sababu najisikia mchafu, kesho yake narudi."

"Na uongo wote huu? Vigae?"

"Haukuanza hivyo. Huyo Machogu aliniuliza nafundisha shule gani. Ningemjibu nini? Nikataja shule. Kesho yake akauliza nina wanafunzi wangapi. Uongo ulipokua ukataka nyumba, nyumba ikataka mke." Akainua uso. "Mke sikumbuni. Nilikuandika wewe."

Ewe msomaji, kama hujawahi kupendwa vibaya hutanielewa. Moyo wangu uliruka kwa furaha na ukapasuka kwa hasira wakati uleule. Nilitaka kukikumbatia kile kichwa kilichokosa usingizi. Badala yake nilisimama.

"Uliniandika bila ruhusa yangu," nikasema. "Sikiliza, Mogaka. Huyo wako hachomwi na sindano. Haumwi mgongo, hana baba wa kumkatalia mchumba. Hajawahi kuzunguka wodi sita na flaski akiwafunua wagonjwa wa watu. Umeoa mwanamke asiye na mdomo. Mimi ninao, na nitaendelea kuwa nao. Mimi ni Nyanchera wa Manasseh wa Sironga. Nilikuchagua una kiatu kilichoshonwa, na nilikipenda kile kiatu. Mbele ya wajomba, mbele ya shangazi zangu, mbele ya wale waliokuwa wakinionyesha lori la mtu, nilisema nimempata mwanamume. Sikuona haya hata siku moja. Mwenye haya ni wewe. Sitaolewa katika nyumba ambayo mwenyewe anaona haya kukaa."

"Nyanchera, tafadhali."

"Kesho Mzee Thadeus atakuja kwenu na jibu la hapana. Sitamzuia. Kama una neno, mimi siwezi kukubebea, wala mama yako. Lije lenyewe Sironga leo kabla jua halijatua."

"Mimi mwenyewe? Bila esigani? Mchumba haendi kwa watu peke yake, baba yako atanifukuza kama mwizi."

"Basi ufukuzwe ukiwa umekuja kwa miguu yako mwenyewe."

Niliisukuma flaski mbele yake. "Huu uji ulikuwa wa mgonjwa. Kunywa. Mama yako hakudanganya sana; u mgonjwa kweli."

Nikapita pazia la kijani na kichwa changu juu. Meena alikuwa amesimama palepale na kitambaa mkononi, macho yamelowa, maana duka lile lina ukuta wa mbao. Sikununua kitu. Nililia kidogo tu, tena nikiwa nimefika mahali pasipo watu.

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Nilikuwa nimetoa cherehani langu la nyumbani uani, na nilishona mfuko mmoja wa kaptula, nikaufumua, nikaushona tena. Baba na Mzee Thadeus walikuwa kwenye benchi wakipanga safari ya kesho. Baba hakuniuliza niliona nini hospitalini. Aliniangalia mara moja nilipoingia na akajua. Thadeus alikuwa na kikombe cha chai mbele yake kilichoanza kupoa. Hakukigusa.

Jua lilikuwa juu ya mashamba ya chai ya ng'ambo niliposikia hatua. Mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani wenyewe.

Alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini, shati lile lile. Mkononi alishika flaski ya maua mekundu. Ilikuwa imeoshwa. Alisimama hatua kumi kutoka kwenye benchi, akaamkia. Baba aliitikia, kwa sababu salamu haikataliwi, lakini hakumwambia karibu, na hakumwambia kaa. Mama alitoka jikoni, akasimama na mwiko.

"Wewe ndiye mgonjwa wa malaria?" baba aliuliza.

"Hapana, Mzee. Sikuwa na malaria. Mama yangu alisema hivyo kwa aibu, na aibu hiyo ni mimi niliyempa. Jumapili nilikuwa mjini, kwenye kompyuta. Niliwakimbia wageni wangu." Alimgeukia Thadeus. "Mzee, uliangalia kiti changu kwa saa nne. Nimekuja uniangalie mwenyewe."

Thadeus alimwangalia kweli, kuanzia kichwani hadi viatuni, bila haraka.

"Kwenye kompyuta unafanya nini?" baba aliuliza. Nadhani kompyuta alikuwa ameiona kwenye gazeti tu.

"Naongea na watu walio mbali. Nilikuwa nawaambia mimi ni mwalimu mkuu, nina nyumba na mke. Leo nimewaambia sina. Wengine wamecheka, wengine wamenitukana na kuondoka. Mmoja, Machogu, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniandikia kwamba yeye pia si mhandisi kama alivyosema. Anafua mashuka ya hospitali huko Amerika, na barua za mama yake hajazijibu mwaka mzima kwa sababu hana la kujivunia." Aliigeuza flaski mikononi. "Nilimwambia amjibu mama yake. Ndiyo sababu nimechelewa. Halafu nikatembea."

"Na utarudi huko tena?"

Nilishika meza ya cherehani. Ilikuwa rahisi sana kusema hapana. Baba angeipenda hapana.

"Mzee, hata sasa nimesimama hapa na vidole vinanitaka niende. Sitakuahidi kwamba kesho havitanitaka. Naahidi kwamba vikinitaka nitamwambia mtu, sitajificha. Na Mama Nikita nimemwambia nitaendelea kumfundisha binti yake, lakini kule mbele, kwenye kaunta, si nyuma ya pazia."

Baba alisugua goti lake. Najua akisugua goti. Alikuwa anatafuta swali la kummaliza, na alilipata.

"Na ile barua ya kazi? Imefika?"

Upepo ulisimama, au mimi ndiye niliyeacha kupumua. Mama aliinamisha uso. Nilimwona Mogaka akivuta pumzi, mabega ya lile shati yakajinyoosha, yakakaa pale pale nilipoyapimia. Akamtazama baba yangu machoni.

"Bado," alisema.

Hakunong'ona. Alilisema kwa ile sauti aliyokuwa akituanzishia kwaya, wazi, mpaka jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ng'ambo ya ua akainua kichwa. Na baada ya kulisema alibaki amesimama. Hakuangalia chini.

Halafu Mzee Thadeus akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akaonja, akakunja uso.

"Imepoa," akasema. "Mama Nyanchera, nipashie moto chai yangu. Na wewe Manasseh, ulinituma nikakuletee ukweli wa Kiogoro. Umejileta wenyewe kwa miguu. Mimi kesho siendi popote."

Baba hakutabasamu. Sijui kama nilitaka atabasamu. "Sijasema ndiyo," alimwambia Mogaka. "Unanisikia? Sijasema ndiyo." Kisha bila kunigeukia, "Nyanchera. Leta kiti."

Niliinuka. Sikukimbia, mimi si wa kukimbia. Barazani kulikuwa na viti vitatu vya wageni. Nilivipita vyote. Nilirudi kwenye cherehani, nikachukua kiti changu mwenyewe, kile ninachokalia nikishona, chenye mto niliouchoma kwa pasi na sikuwahi kuubadilisha. Nikakibeba mbele ya baba, mbele ya esigani na mbele ya jirani aliyekuwa bado ameshika panga lake hewani, nikakiweka pembeni ya benchi.

"Hiki ni changu," nikamwambia. "Kaa."

Akakaa. Nami nikasimama kando yake, mikono kiunoni, nikawatazama wote.